Pampu ya mafuta ikinyamaza, usikimbilie kununua nyingine

Mafundi wengi Mombasa huamini kwamba pampu ya umeme ya mafuta kwenye ndege ndogo ikinyamaza, imekufa. Imani hiyo hupoteza pesa nyingi bure.

Hewa yetu ya chumvi hula nyaya kabla haijaifikia pampu. Fungua skrubu ya waya wa athi (unaorudisha umeme) kwenye bodi ya ndege: mara nyingi utakuta unga mweupe chini ya washa, kile kipete cha skrubu, na umeme haupiti vizuri. Pima volti kati ya nyaya mbili za pampu, swichi ikiwa imewashwa na pampu ikiwa imeunganishwa. Hapo ndipo wengi hukosea: ukiichomoa, hata waya mbovu unaweza kuonyesha volti kamili. Ndege ya volti 12 ikisoma 7, tafuta kosa kwenye nyaya, swichi au athi. Ikisoma 12 na pampu kimya, hapo sawa, itoe.

Na inayonguruma je? Yaweza kukosa presha kwa sababu ya chujio lililoziba.

Usifunge pampu ya gari, hata zikifanana. Funga iliyoidhinishwa kwa ndege hiyo, iwashe, ukague kila kiungo kama kinavuja, kisha fundi mwenye leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, atie sahihi.