Kufuta Ibara ya 41(7) peke yake hakutoshi

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Bahi hupiga kura tatu katika kituo kimoja: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Matokeo ya ubunge yakilalamikiwa, Mahakama Kuu inaweza kuyasikiliza kwa sababu Ibara ya 83 ya Katiba ya Tanzania inaruhusu. Ya Rais hayana pa kwenda. Ibara ya 41(7) inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mshindi, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake.

Tarehe 15 Julai 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua katika shauri lililofunguliwa na wakili Jebra Kambole kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo, ikaagiza kirekebishwe. Nami nataka kiondoke. Lakini muswada wa mstari mmoja, "41(7) inafutwa", utakwama.

Kikwazo cha kwanza ni Ibara ya 74(12), inayozuia mahakama kuchunguza jambo lolote lililofanywa na Tume katika kutekeleza madaraka yake ya kikatiba. Kesi za ubunge zinapita kwa kuwa zina ibara yake. Ya Rais nayo iandikiwe yake, itaje mahakama husika na nani anaweza kufungua shauri. Bila hivyo, pingamizi la awali linaweza kuliangusha shauri kabla fomu moja ya matokeo haijakaguliwa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni siku. Ibara ya 42(1) inataka Rais mteule ashike madaraka kabla ya kupita siku saba tangu atangazwe. Kenya wametoa siku 7 za kufungua shauri na 14 za kuliamua, na kiapo kinasubiri hukumu. Tukinakili hesabu hiyo tukaiacha 42(1) ilivyo, mshindi atakuwa ameshaapa mahakama ikiwa bado inapokea nyaraka. Kwa maoni yangu hata siku 14 ni chache kwa kukagua fomu za nchi nzima, 30 zingefaa. Wanaohofia kiti kubaki wazi wasome 42(3): Rais aliyepo anaendelea hadi anayemfuatia ale kiapo.

Sheria za uchaguzi za 2024, pamoja na jina jipya la Tume Huru, haziwezi kugusa ibara hizi, kwa kuwa ni sheria za kawaida. Njia ni Ibara ya 98(1), ya kubadilisha Katiba bungeni, hapa hapa Dodoma: theluthi mbili ya wabunge wote, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Tuseme Bunge lina wabunge 390. Zinahitajika kura 260 za ndiyo. Wakiwepo ukumbini 300 na 259 wakaunga mkono, muswada umeanguka, kwani kila kiti kitupu kimehesabiwa upande wa hapana.