Kwa nini maji ya bomba ya Dodoma hayafai kupoza kompyuta?

Ukichemsha maji ya bomba hapa Dodoma unaujua ule utando mweupe unaoganda chini ya sufuria. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na huko ardhini yamepita kwenye miamba na kubeba chumvichumvi zake. Sasa kuna vijana wanaotaka kufunga wenyewe mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji, na swali la kwanza ni hilo: kwa nini nisijaze ya bombani?

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Pampu ndogo huvuta maji kwenye tangi na kuyasukuma hadi kwenye kipande cha shaba kilichobanwa juu ya prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta inayotoa joto, yakapita kwenye rejeta yenye feni, yakarudi tangini. Lita moja ya maji huhitaji takribani kilojuli 4.2 ili joto lake lipande nyuzi moja tu. Kwa hiyo hata kompyuta ikitoa wati 400 za joto, pampu ikipitisha lita 4 kwa dakika, mzunguko mzima huyapandisha maji kama nyuzi 1.4. Wanaoanza huumiza kichwa wakiulizana rejeta itangulie au prosesa. Haina uzito. Cha lazima ni tangi kuwa juu ya pampu, maana pampu ikizunguka kavu inakufa mapema.

Turudi kwenye chumvi. Ndani ya kile kipande cha shaba kuna mifereji myembamba kuliko milimita moja, na wengi huhofia utando utaiziba. Hofu hiyo ina ukweli, lakini maji ni yale yale yanayozunguka, na lita moja haina chumvi nyingi ya kugandisha. Hatari kubwa zaidi ni kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Rejeta ya alumini ikikutana na shaba ndani ya maji hayo, umepata betri kamili, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga wake mweupe husafiri hadi kwenye mifereji, na mwisho rejeta hutoboka.

Kwa hiyo nunua rejeta ya shaba, hata kama ya alumini ni nafuu. Usichanganye kabisa. Jaza maji yaliyoondolewa madini, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, ila soma chupa vizuri, kwani asidi ya betri nayo huuzwa humo humo. Maji ya kunywa ya chupa hayafai, nayo yana madini. Ongeza dawa ya kuzuia kutu na ya kuzuia mwani, kwa sababu maji matupu, hata yawe safi vipi, hayalindi chuma wala hayazuii vijidudu.

Kabla ya kuwasha kompyuta, ipe umeme pampu peke yake, tandika tishu chini ya kila kiungio, uiache usiku kucha. Tishu ikilowa hata kwa tone, fungua kiungio hicho ukague mpira wake.

Maji hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumbani, na Oktoba na Novemba mchana wa Dodoma hupita nyuzi 30. Chukua rejeta kubwa, weka chujio mbele ya feni, na msimu wa upepo na vumbi ulisafishe kila wiki.