Kaburi moja, Masuni na Mashia

Dhana: Kuzuru makaburi ya Ahlul Bayt, watu wa nyumba ya Mtume, ni mambo ya Mashia.

Utayasikia haya hata kwa mtu aliyekwenda Lamu wakati wa Maulidi akafuatana na watu kwenye ziara ya kaburi la Habib Swaleh, sharifu wa Kisunni wa ukoo wa Mtume. Ibn Hibban, bingwa wa Hadithi wa Kisunni aliyefariki mwaka 965, aliandika kwamba alipokuwa Tus alilizuru kaburi la Imam Ali al-Rida, Imamu wa nane wa Mashia, mara nyingi, na kila alipofikwa na shida akaomba pale, shida ilimwondokea. Hapo ndipo Mashhad ya leo, Iran. Harun al-Rashid, khalifa wa Kiabbasi, naye kazikwa papo hapo. Msikiti mkubwa ulioungana na kaburi hilo ulijengwa na malkia wa Kisunni, Gawhar Shad, ukakamilika mwaka 1418.

Dhana: Salahuddin, sultani wa Kisunni, alipouondoa ukhalifa wa Fatimiya, Mashia wa Kiismailia waliotawala Misri, alifuta kila walichokitukuza.

Ukhalifa aliuondoa kweli, mwaka 1171, na khutba zikarudi kusomwa kwa jina la khalifa wa Baghdad. Lakini kichwa cha Imam Husein, mjukuu wa Mtume, ambacho Fatimiya walikihamishia Kairo kutoka Asqalan, Palestina, mwaka 1153 kwa kuhofia Wanamsalaba, askari wa Kikristo kutoka Ulaya, hakikuguswa. Mwaka 1183 alipita hapo Ibn Jubayr, msafiri wa Kisunni kutoka Andalusia. Anaeleza jiwe jeusi ukutani linalong'aa kama kioo, na watu wanaolibusu kaburi, wanaolizunguka, wanaojipangusa kwa kitambaa kilicholifunika huku wakilia. Mtawala wa mji wakati huo ni Salahuddin mwenyewe.

Wamisri, ambao karibu wote ni Masuni, bado wanafurika hapo kwenye maulidi ya Husein. Na uzio wa fedha unaolizunguka kaburi ni zawadi ya Mabohora, Mashia wa Kiismailia, madhehebu yale yale ya Mabohora tunaowajua Mombasa na Zanzibar.

Dhana: Mtawala wa Kisunni aliyegharimia mahali kama hapo alikuwa Shia wa siri.

Twende Halab, Syria. Nje ya mji kuna Mashhad al-Husein, panapohifadhiwa jiwe linalosemekana lilidondokewa na damu ya kichwa cha Imam kilipokuwa kinapelekwa Damascus. Jengo lilianzwa na Mashia wa mji katika miaka ya 1170. Lango lake kubwa ni la zama za al-Zahir Ghazi, mwana wa Salahuddin, nalo lina tarehe inayolingana na 1195 au 1196. Soma maandishi yake: Maimamu Kumi na Wawili, viongozi wa ukoo wa Mtume wanaofuatwa na Mashia, wanatakiwa rehema kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Kisha, kwenye lango lilo hilo, Mungu anaombwa awe radhi na Maswahaba wa Mtume wote, kama wasemavyo Masuni.

Mtu anayeficha itikadi yake haichongi kwenye jiwe juu ya mlango. Kwa maoni yangu al-Zahir alikuwa mjanja kama baba yake: Halab ilijaa Mashia, naye alihitaji pande zote mbili zipite chini ya lango lake bila mmoja kukunja uso. Siasa, ndiyo. Ila siasa hiyo isingefaa kitu kama Masuni wenyewe wasingekuwa na hamu ya kuingia.

Dhana: Basi zamani walikaa kwa amani tu.

Hapana. Al-Mutawakkil, khalifa wa Kiabbasi, alilibomoa kaburi la Husein huko Karbala mnamo 850, na mwaka 1051 fujo za Masuni na Mashia wa Baghdad ziliishia kwa kuchomwa makaburi ya Maimamu huko Kadhimiya. Hata hivyo, mwaka 1209 al-Nasir, khalifa wa ukoo uleule wa al-Mutawakkil, aliweka kwenye ziara ya Mashia huko Samarra, Iraq, mlango wa mbao ulionakshiwa majina ya Maimamu.

Na lile jengo la Halab? Halikuvunjwa na ugomvi wa madhehebu. Liligeuzwa ghala la silaha, likalipuka mwaka 1920, na miongo ikapita kabla halijajengwa upya.