Pete ya Shokapu Haiongezi Ugumu wa Springi

"Fundi, nikazie shokapu, springi imelegea, mzigo unagonga chini." Maneno haya nayasikia hapa Malindi kutwa, na wiki hii yamenifika shingoni. Kijana ameshazungusha pete, ile yenye ngazi inayokalia springi ya shokapu, mwenyewe mpaka ngazi ya mwisho, pande zote mbili, kisha ananiletea pikipiki niikaze zaidi. Hakuna zaidi. Na hata ingekuwepo, springi yake isingekuwa ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Pete inasogeza kitako cha springi, basi. Ugumu wenyewe umo kwenye chuma: unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Mwanasayansi Robert Hooke aliliandika hili huko Uingereza mwaka 1678: springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoibonyeza. Tazama mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki. Hata mshale ukianzia kilo 2 badala ya sifuri, ukitundika nguru wa kilo 1 utashuka hatua ile ile.

Tupige hesabu. Tuseme springi zako mbili za nyuma kwa pamoja zinabonyea milimita 1 kwa kila kilo 3. Wewe na pikipiki mnalemea gurudumu la nyuma kwa kilo 120. Pete ikiwa imelegea kabisa, nyuma itazama milimita 40. Ukikaza mpaka springi ibonyee milimita 20 kabla hujapanda, nyuma itazama milimita 20. Sasa mpakie abiria wa kilo 60 juu ya gurudumu hilo. Pete ikiwa imelegea utatoka 40 kwenda 60, na ikiwa imekazwa utatoka 20 kwenda 40. Abiria ni yule yule na amekushusha milimita 20 zile zile. Springi haikujua kama pete imeguswa.

Kilichobadilika ni pale unapoanzia. Umepanda juu, kwa hiyo chini umebakiwa na nafasi zaidi kabla ya kugonga. Faida hiyo ni ya kweli, siikatai hata kidogo, na ndiyo inayowafanya vijana waape kwamba springi "imekuwa ngumu". Lakini nafasi uliyoongeza chini umeitoa juu, na hasara ya juu ndiyo nisiyoweza kumueleza mtu akaridhika.

Rudi kwenye mfano ule. Nyuma ya pikipiki tupu inalemea kilo 60 hivi. Springi iliyokwisha kubonyezwa milimita 20 inasukuma kwa kilo 60 kabla haijaanza kusogea. Maana yake pikipiki tupu haizami hata milimita 1; shokapu imenyooka mpaka mwisho wake. Ukipanda peke yako unapata kuzama kidogo tu. Gurudumu likifika kwenye shimo, springi inatakiwa ilisukume chini lifuate ardhi. Itasukuma nini, na imekaribia kufika mwisho? Tairi linaachana na barabara, shokapu inagonga juu, kisha pikipiki nzima inaanguka shimoni pamoja na wewe. Kwenye lami ya kwenda Gede huenda usilione. Ukiacha lami ukaingia vijimatuta vya mfululizo na mchanga, nyuma inaruka na kwenda upande, na breki ya nyuma inashika hewa. Tena mkia ukinyanyuka, foki (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) zinasimama wima zaidi na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Mtu anakuja kuniambia pikipiki "inacheza" na anataka nikaze. Ndugu yangu, hiyo inataka kulegezwa.

Namna ya kupima ni hii. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka kwenye ekseli mpaka alama uliyoweka juu yake kwenye bodi. Ishushe, panda na vitu vyako vyote, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kuzama kwako. Vitabu vinataka kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, yaani toka linaponing'inia mpaka linapogonga. Kama mwendo ni milimita 100, basi 25 mpaka 33.

Hapo vitabu vinanyamazia mambo mawili. Kwanza, bushi (vikombe vya kwenye maungio) na sili (mipira inayozuia oili isivuje) zina msuguano. Ukiinyanyua nyuma na kuiacha ishuke taratibu unapata kipimo kimoja, na ukiikandamiza na kuiacha ipande unapata kingine. Chukua wastani wa hivyo viwili, na ukiona vimeachana sana, kagua bushi kabla ya pete. Pili, kanuni ile imemfikiria dereva mmoja wa uzito mmoja. Mwanaboda asubuhi yuko peke yake, saa nne ana abiria wawili, jioni ana magunia ya nazi kutoka Kakuyuni. Kwa mtu huyo sina namba ninayoiamini kikamilifu. Huwa namwekea pete kwa abiria mmoja, kwa sababu huo ndio mzigo anaoubeba muda mwingi, na namwambia mapema kwamba akibeba magunia itagonga.

Anayetaka ugumu kwelikweli anunue springi nyingine. Waya wa milimita 8 badala ya 7, vingine vyote vikiwa sawa, unaongeza ugumu kwa takribani asilimia 70. Wanaosokomeza vipande vya tairi katikati ya mizunguko nao wanaongeza ugumu, kwa kuwa mizunguko inayofanya kazi imepungua, ila springi inabanana mapema na kupinda upande. Kukata mzunguko mmoja ili "ilainike" kunaifanya iwe ngumu zaidi. Pete za kushoto na kulia ziwe ngazi moja daima. Ukishagusa pete, angalia cheni tena. Upepo wa tairi uanze kabla ya yote haya.

Limebaki suala la oili. Springi inabeba, oili inatuliza, na pete haina uwezo wowote juu ya oili. Nyuma ikidunda mara mbili tatu baada ya tuta, oili ya shokapu imevuja au imechoka, na kwa mchanga na chumvi yetu ya pwani sili hazidumu. Mbele, wengi wanajaza oili ya injini ya 20W-50. Foki zinarudi polepole, tuta la pili linazikuta hazijanyooka, la tatu zimeshuka zaidi, mpaka mikono inauma. Na hapo tena mtu anasema springi imelegea. Mimi naanza na oili ya foki ya 10W, na kwa anayebeba sana natia 15W, ambayo ni nzito zaidi. Hapo pia nina wasiwasi, maana 10W ya chapa moja si lazima iwe na uzito sawa na 10W ya nyingine. Nikipata inayokwenda vizuri siibadilishi, na kimo chake nakipima kwa rula kwenye foki zote mbili, springi zikiwa nje na foki zimeshushwa mpaka mwisho, kabla ya kufunga.