Utendaji wa kadi ya grafiki: maana yake unapolinganisha mbili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nyakato aliingia dukani kwetu, hapa Mwanza mjini, akakuta kadi mbili za grafiki, vifaa vinavyochora picha za kwenye skrini ya kompyuta, za mtumba juu ya kaunta: GTX 1060 ya NVIDIA, yenye kumbukumbu ya gigabaiti (GB) 6, na RX 580 ya AMD, yenye GB 8. Akaniuliza swali ninaloulizwa karibu kila siku: "Kaka, si hii ya nane ndiyo yenye nguvu?"

Neno "nguvu" hapo limebeba mambo mengi mno. Wanaozipima kadi husema utendaji, nalo lina maana finyu zaidi: ni kazi ambayo kadi imeifanya kweli, kwa muda uliopimwa, kwenye masharti yanayojulikana. Namba za kwenye boksi ni sifa za kifaa, na sifa zinaweza kukupoteza.

Tazama hizi mbili. GTX 1060 ilitoka Julai 2016 ikiwa na viini 1,280, yaani vikokotoo vidogo vinavyofanya kazi kwa pamoja, na kwa hesabu za kwenye karatasi inafikisha takriban trilioni 4.4 za ukokotoaji kwa sekunde. RX 580 ilitoka Aprili 2017 na viini 2,304, ukokotoaji trilioni 6.2. Mtu akiishia hapo atasema ya pili imeiacha ya kwanza mbali. Lakini kwenye gemu nyingi za miaka ile zilikwenda bega kwa bega, huku inatangulia hii, kule inatangulia ile. Kiini cha NVIDIA na kiini cha AMD havikuundwa namna moja, na si gemu zote zinazoweza kuvipa vyote kazi kwa wakati mmoja. Kulinganisha idadi ya viini ni kama kuhesabu magunia bila kuuliza humo ndani mna pamba au mpunga.

Kwa kadi za ukoo mmoja, idadi hiyo inasaidia, tena sana. Iko GTX 1060 ya GB 3, na watu hudhani imepunguziwa kumbukumbu tu, kumbe hata viini vimepunguzwa, viko 1,152. Iko pia RX 580 yenye viini 2,048, ambayo kwa kweli ni sawa na RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Ndiyo maana nawasihi wanunuzi: kabla ya kutoa pesa, kadi ichomekwe, ifunguliwe GPU-Z, programu inayoonyesha sifa halisi za kadi, msome pamoja.

Sasa tuje kwenye kupima. Kwenye gemu kipimo kinachotajwa sana ni fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi kadi imezichora ndani ya sekunde moja. Fremu 60 maana yake kila picha imechukua milisekunde 16.7, fremu 30, milisekunde 33.3. Shida iko kwenye wastani. Tuseme ndani ya sekunde moja kadi imetoa fremu 59 kwa nusu sekunde ya kwanza, kisha fremu ya 60 ikachukua nusu sekunde nzima peke yake. Ukihesabu, ni 60 kamili. Ila macho yako yameona skrini imeganda, na mpira umeshaingia golini. Kwa hiyo, mpimaji makini hutaja pia kasi ya ile asilimia 1 ya fremu zilizochelewa kuliko zote. Katika dakika moja ya fremu 60 kwa sekunde zinapita fremu 3,600, na hizo 36 zilizochelewa ndizo zinazokukera. Kwangu mimi, kadi ya wastani wa 80 isiyoyumba ni bora kuliko ya 90 inayokwamakwama.

Na kukwama huko mara nyingi hutokana na kumbukumbu kujaa. Hapo ndipo GB 8 zinapopata maana yake. Anayekumbuka safari ya Sengerema kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025 ataelewa upesi: basi lilikimbia vizuri kutoka Mwanza, likafika Kigongo, likasimama kusubiri kivuko. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data inayobaki hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kila ikihitajika lazima ivushwe kwa njia iliyo nyembamba zaidi. RX 580 husoma kumbukumbu yake kwa gigabaiti 256 kwa sekunde, GTX 1060 kwa 192. Njia ya kuvukia kwenda kwenye kompyuta haifiki hata 16. Kwa gemu isiyojaza GB 6, zile mbili za ziada hazikuongezei kitu.

Masharti lazima yafanane: kompyuta ileile, draiva (programu zinazoiendesha kadi) za karibuni, ukubwa uleule wa picha. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, huandaa kazi, kadi huchora. Wapaa samaki wawili pale mwaloni Kirumba wakiletewa sangara mmojammoja hutajua nani mwepesi. Wote wanasubiri mtumbwi. Ukizichomeka kadi hizi kwenye kompyuta yenye prosesa ya zamani utaona zinalingana, kumbe umepima prosesa. Pima pia kwa nusu saa, si dakika tano. Kadi ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na vumbi la huku linaziba feni upesi.

Halafu kuna aina ya kazi, na hili nalisisitiza kuliko yote. Kijana wangu hakuwa mtu wa gemu. Anajifunza kuchora nyumba kwa Blender, programu ya michoro ya pande tatu. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, injini ya Cycles ya programu hiyo, inayogeuza mchoro kuwa picha kamili, haiitumii tena RX 580. Kazi yote inaangukia prosesa. GTX 1060 inaendelea kutumika. Kadi mbili zinazolingana kwenye gemu, hapa moja haifanyi kazi kabisa.

Umeme nao ni sehemu ya hesabu. GTX 1060 imepangiwa wati 120, RX 580 wati 185. Tofauti ya wati 65, ukifanya kazi kwa nguvu zote saa nane kwa siku, ni nusu uniti ya LUKU na kidogo, kama uniti 15 na nusu kwa mwezi.

Nilimwomba alete kompyuta yake. Kesho yake akaja nayo kwenye bodaboda, ameikumbatia. Tukafungua ubavu, nikafuata nyaya za pawa saplai hadi mwisho. Kulikuwa na plagi moja tu ya kadi, ya pini sita. RX 580 ile inataka pini nane. Akaichukua GTX 1060, lakini kwanza tukasoma pamoja kwenye skrini: viini 1,280.