Sungura Anayetoka Manyoya: Tazama Ngozi Kabla ya Kununua Dawa

Wafugaji wa sungura, kuanzia Wakiso hadi Busia, huniletea kilio kimoja: manyoya yanatoka. Wengi huwa wameshapaka kitu kabla ya kuuliza, na mara nyingi kile walichopaka ndicho kinachomuumiza mnyama zaidi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana.

Jike wangu amebaki wazi kifuani na tumboni. Anaumwa?

Alipandishwa lini? Mimba ya sungura ni siku 30 hadi 32, na akikaribia kuzaa jike hujing'oa manyoya mwenyewe awatandikie watoto, kwa kuwa huzaliwa uchi kabisa. Utamwona amebeba nyasi kavu mdomoni, anazunguka kizimba akitafuta pembe ya kuziweka. Mpe kisanduku, mwongezee nyasi, umwache atulie. Hata ambaye hakushika mimba anaweza kufanya hivyo hivyo, kwa sababu kuna mimba ya uongo ya siku 16 hadi 18 hivi. Pima kwa kidole: ngozi iliyo chini ni safi na laini, haina magamba. Ikiwa hivyo, usimpake chochote.

Wangu ana magamba puani na masikioni, anajikuna usiku kucha.

Huo ni upele, na unaletwa na utitiri, wadudu wadogo mno. Wako wa aina mbili hasa. Wa kwanza huchimba ndani ya ngozi: huanzia puani, midomoni, kwenye kingo za masikio na vidoleni, na magamba yake ni meupe, kama makombo ya mkate yaliyogandia. Wa pili hukaa ndani ya sikio. Ukilifunua utakuta ukoko wa kahawia uliopangana tabaka kwa tabaka, na sungura anatikisa kichwa kila dakika. Nakuomba sana, usiubandue ukoko huo. Chini yake ni kidonda kibichi na maumivu yake ni makali. Dawa ikishafanya kazi, utaanguka wenyewe.

Nimwoshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe? Jirani anasema oili chafu inaponya.

Hapana, vyote viwili. Sungura hujilamba mwili mzima kila siku, kwa hiyo chochote unachompaka anakimeza. Oili ya injini ni sumu, na kumlowesha tu kunamtia baridi na hofu. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye fiproni (kwenye chupa huandikwa fipronil) nayo imeua sungura. Soma maandishi ya chupa kabla hujaifungua.

Dawa inayotumika sana ni ivamektini, ile ile ambayo watu wa kaskazini mwa Uganda wameijua kwa miaka mingi kwa kukinga upofu wa mtoni. Hatari yake iko kwenye kipimo. Ng'ombe huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Kwa hesabu hiyo, sungura wa kilo 2 anahitaji mililita 0.04, yaani chini ya tone moja la kawaida! Hata daktari akiamua kuongeza maradufu, bado ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukadiria. Mpeleke apimwe uzito, daktari wa mifugo amchome. Kisha mrudishe baada ya siku 10 hadi 14, kwani dawa haiui mayai ya utitiri na yatakuwa yameanguliwa. Hapo ndipo wengi hukosea: mnyama anapata nafuu, hawarudi, baada ya mwezi upele umejaa banda zima. Watibu wote wanaokaa pamoja, choma matandiko, sugua kizimba.

Watoto wangu humbeba kila siku. Wataambukizwa?

Wanaweza. Utitiri wa sungura huweza kuleta vipele vya kuwasha mikononi na tumboni, mahali anapokumbatiwa. Kwa kawaida hupotea mnyama akitibiwa. Mapunye ni tofauti: sungura anatoka manyoya kwa viraka vya mviringo vyenye unga, na mtoto akiyapata lazima atibiwe mwenyewe kituo cha afya. Hadi sungura apone, asibebwe, na atakayemlisha anawe kwa sabuni.

Manyoya yamekatwa mafupi, lakini ngozi ni nzima.

Wanatafunana. Wamebanana, au wanakula punje nyingi na majani machache. Watenganishe, uwape nyasi wasizozimaliza. Akiwa wazi nyayoni tu, tatizo ni sakafu ya waya: mwekee ubao wa kupumzikia.

Aliyechomwa sindano naweza kumchinja?

Si wiki hiyo. Dawa hubaki mwilini kwa muda, kwa hiyo kabla hujaondoka kwa daktari muulize ni siku ngapi za kusubiri, uandike tarehe kwa chaki kwenye mlango wa kizimba.