Umeacha kazi au umeachishwa? Maana ya kujiuzulu kwa kulazimishwa

Kuna dada tulikuwa tunakaa naye mtaa mmoja hapa Mwanga, alikuwa anafanya kaunta kwenye gesti moja hapa Kigoma mjini, kama miaka mitatu hivi. Mwanzoni alikuwa hana shida na mtu, baadae meneja akabadilika, shifti za usiku zikawa zake peke yake, mshahara ukaanza kukatwa eti hela ya mauzo inapungua, karatasi ya hesabu hajawahi kuonyeshwa hata moja, halafu siku hiyo akaambiwa mbele ya wateja "kama umechoka si uondoke". Akachukua karatasi akaandika naacha kazi kwa sababu zangu binafsi, akasaini, akapanda gari kwenda kwao Kasulu. Mtaani wote tukasema huyu kaacha kazi mwenyewe.

Sasa hapo kwenye "mwenyewe" ndo pa kupaangalia, maana sheria haiishii kusoma barua tu, inauliza barua imeandikwa kwa sababu gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kuachishwa kazi ni pamoja na pale mfanyakazi anapoacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Yaani mkono ulioandika ni wako lakini aliyevunja ajira anahesabika kuwa ni bosi. Hiyo ndo maana ya kujiuzulu kwa kulazimishwa, na ikithibitika basi kesi yako inasikilizwa kama ya mtu aliyefukuzwa, na mwajiri atatakiwa aonyeshe alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu.

Kazi "isivumilike" ni nini sasa? Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zimetaja mambo mawili. La kwanza ni unyanyasaji wa kingono, na siyo lazima bosi awe ndo amefanya, hata akishindwa kukulinda na anayekufanyia linahesabika. La pili ni mfanyakazi kutotendewa haki, ila hili lina sharti ambalo watu wengi linawaangusha: uwe umetumia kwanza njia zilizopo za kulalamika, labda uwe na sababu ya maana ya kutozitumia. Kwa hiyo ukikaa kimya miezi sita, hujamwandikia mtu yeyote, halafu unaibuka na barua ya kuacha kazi, utaulizwa mbona hukusema. Kama wa kulalamikiwa na wa kupokea malalamiko ni huyohuyo, ambayo kwenye biashara zetu za huku ndo kawaida, mwenye duka ndo bosi ndo kila kitu, hiyo inaweza kuwa sababu yenyewe, lakini hata hapo meseji moja ya heshima, "bosi naomba kufahamu makato ya mwezi huu ni ya nini", ina uzito kuliko maneno mengi ya baadae. Usiifute.

Na tuwe wakweli, siyo kila karaha inaingia hapa. Kufokewa siku moja, kunyimwa ruhusa ya kwenda msibani, kuhamishwa meza, vinauma lakini peke yake havitoshi. Kinachopimwa ni kama hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu asingeweza kuendelea, kama mwajiri ndo aliyeileta, kama ilikuwa haionekani kuisha, na kama kuondoka ndo njia pekee iliyokuwa imebaki. Wa kuthibitisha hayo ni wewe kwanza, hapo ndo tofauti na kufukuzwa kwa kawaida, ambako mzigo wa kujieleza anaanza nao mwajiri. Aliyeitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kosa la kweli, akaona mambo magumu akawahi kuandika barua ya kuacha, huyo mimi namuona amekimbia kikao.

Mfano wa yule dada wa kaunta ungekuwa na nguvu kwenye yale makato. Sheria hairuhusu bosi kukata hasara kwenye mshahara kwa kujiamulia, mfanyakazi lazima akubali kwa maandishi, aelezwe kwa maandishi anadaiwa nini na kwa nini, apewe nafasi ya kubisha, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mtu akikatwa hivihivi mwezi baada ya mwezi, akiuliza anajibiwa mlango ule pale, hiyo picha inaanza kueleweka. Kilichomuumiza ni neno moja tu, "binafsi", maana hapo kampa bosi ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Angeandika kifupi tu kwamba naacha kwa sababu nimekatwa mshahara miezi kadhaa bila maelezo, nimeuliza tarehe fulani na fulani sijajibiwa, siwezi kuendelea. Halafu abaki na kopi. Ukiambiwa andika hivi au hupati hela yako ya siku ulizofanya, hiyo hela ni haki yako hata kama umeacha kweli kwa hiari, siyo zawadi ya kusaini.

Pa kupeleka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, ipo hata huku mikoani, Tabora na Kigoma. Watu wanaichanganya na Afisa Kazi, ambaye yeye anakagua maeneo ya kazi na anaweza kukupa ushauri mzuri tu, lakini mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa CMA kwa kujaza fomu. Hulipii, wakili siyo lazima. Kwanza mnakaa na msuluhishi muone kama mtaelewana, ikishindikana inaenda kwa mwamuzi. Ambao hawajafikisha miezi sita kwa mwajiri, kinga hii ya kuachishwa isivyo haki haiwafikii, ila mshahara wao wanaweza kudai. Watumishi wa umma nao wana ngazi zao za rufaa huko utumishi, wanamaliza kule kwanza.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi siyo mwisho. Wajibu wa kukuandikia ni wa mwajiri, na kama hakuandika, ndo yeye atakayetakiwa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwaje.

Muda sasa. Ni siku 30 toka ajira ilipokoma, na zinahesabika hata kama upo kijijini unatuliza kichwa. Ukichelewa unaweza kuomba upokelewe lakini utaeleza sababu ya kuchelewa, na "nilikuwa sijui" huwa haibebi sana. Yule dada aliporudi mjini kutafuta kazi nyingine, ndo mtu mmoja akamwambia habari za CMA, ilikuwa mwezi wa nne umeingia toka aache kazi.